Mwili Hauna "Ati": Juu ya Michezo Itungwayo Mazoezini na Desturi za Kampuni

Wasomaji wetu wengi, walimu na makasisi, hutakiwa kila mwaka waandae mchezo wa kuigiza, na baadhi yao wamekwisha kuiacha njia ya zamani ya kugawa vitabu na kukariri maneno. Siku hizi yapendwa sana kuwakusanya vijana mahali peupe bila kitabu, kuwapa jambo moja walifikiri, kisha kuutunga mchezo wote kwa viungo vyao, kwa kutembea, kusimama, kubebana na kuanguka. Maneno huja mwisho, ikiwa yatakuja. Na katika mambo wapewayo, moja limekuwa la kawaida sana, nalo ni maisha ya ndani ya kampuni kubwa, pamoja na afisi zake, mikutano yake, sare zake na nyimbo zake za asubuhi. Sisi twaipenda njia hii, nasi tumeitumia. Lakini tumeona ndani yake kosa moja lisilotokana na uvivu wa wachezaji, bali latokana na bidii yao. Na kwa kuwa kosa la bidii ni gumu kuonekana kuliko kosa la uvivu, twaomba ruhusa tulieleze kwa urefu.

Kwanza majina. Kundi lifanyalo kazi hii Wafaransa waliliita kwa neno ambalo kwao maana yake ni "pamoja" tu, na mataifa mengi yamelichukua. Kwetu wengine husema kikundi. Lakini hata watu wangojao basi ni kikundi. Sisi twapenda zaidi kusema kundi la ujima, kwa mfano wa watu walimao shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho, maana katika michezo hii aliye mbele sasa hivi atakuwa ukuta au mlango punde. Ama jambo liigizwalo, watu wa mjini huliita utamaduni wa kampuni. Hapa hatuna budi kulalamika kidogo. Desturi za watu mtu huzikuta; hawezi kukuambia ni nani aliyezianza wala siku gani. Lakini hizi za kampuni zaweza kuandikwa na afisi moja kwa juma moja, zikachapwa kwa wino mzuri, zikabandikwa ukutani, na mfanyakazi akatakiwa azipende kabla ya mwisho wa mwezi. Neno utamaduni limepewa kazi lisiyoijua. Tutasema desturi za kampuni, na msomaji atie shaka yake mwenyewe kila alionapo neno hilo.

Mfano mkubwa wa michezo ya namna hii ni Serious Money wa Bibi Caryl Churchill, ulioonyeshwa kwanza mwaka 1987 katika jumba la Royal Court, London, chini ya usimamizi wa Bwana Max Stafford-Clark. Wawili hao walikuwa wamekwisha kufanya kazi pamoja katika kundi la Joint Stock, lililoanzishwa mwaka 1974, ambalo lilikuwa na utaratibu huu: kabla mtunzi hajaandika, wachezaji hutoka kwenda kuwatazama watu watakaoigizwa, huzungumza nao, hurudi, na kuyaonyesha kwa mwili waliyoyaona, kisha mtunzi huenda peke yake kuandika, ndipo mazoezi yenyewe huanza. Basi kwa mchezo huu wachezaji walitumwa katika mtaa wa fedha wa London, katika mwaka 1986, mwaka ule ule ambao tarehe 27 Oktoba kanuni za kale za soko la hisa ziliondolewa, wageni wakaweza kuzimiliki nyumba za biashara za siku nyingi, na mashine zikaanza kuchukua mahali pa watu waliokuwa wakikutana uso kwa uso.

Huko wachezaji walikuta kitu ambacho kila kundi la ujima lingekitamani. Katika soko la mikataba ya bei za siku zijazo, liitwalo kwa kifupi LIFFE, lililofunguliwa mwaka 1982 ndani ya jumba la Royal Exchange, wauzaji walisimama wamebanana, wamevaa makoti ya rangi kali, wakipigiana kelele. Na kwa kuwa kelele iliyameza maneno, mikono ndiyo iliyosema. Kiganja kikielekea kifuani, maana yake nanunua. Kikielekea nje, nauza. Vidole vilihesabu. Mtu aliyechelewa kuinua mkono kwa kupepesa jicho alikosa fedha, na aliyeuinua kwa kosa aliweza kupoteza fedha ya mwenziwe. Msomaji aona ya kwamba mchezo wa mwili ulikuwa umekwisha kutungwa kabla ya mchezaji yeyote kuvuka kizingiti. (Kufika mwaka 2000 kompyuta zilikuwa zimekwisha kulimaliza soko lile la makelele; hivyo jukwaa limehifadhi ishara ambazo wenyewe hawazitumii tena, jambo ambalo wachunguzi wa desturi hawatalidharau.)

Bibi Churchill aliyachukua yale yaliyoletwa na wachezaji akayaandika karibu yote kwa mashairi yenye vina, ya haraka, yenye matusi mengi. Maneno ya mmoja huingia katikati ya maneno ya mwingine, na katika kitabu mkwaju umetiwa mahali hasa ambapo mwenziwe atamkatiza. Vyumba vitatu vya biashara husema kwa wakati mmoja. Mwanzoni aliweka kipande cha mchezo wa Thomas Shadwell wa mwaka 1692 juu ya madalali wa hisa, ili watu wasidhani tamaa hii ilizaliwa jana. Kisha yaja hadithi: kijana mmoja, Jake Todd, amekufa, na dada yake Scilla, naye ni muuzaji wa sokoni, aanza kumtafuta muuaji, lakini njiani apotelewa na hamu ya kumjua muuaji, akabaki na hamu ya kujua fedha za marehemu ziko wapi. Huu ni uovu uliosemwa wazi kabisa. Mtu asomaye kitabu chumbani mwake hawezi kukosea ni upande gani mtunzi amesimama.

Walakini walioujaza ukumbi walikuwa wauzaji wale wale. Walikuja makundi kwa makundi, wakajicheka, wakajipenda, na mchezo ukahamia Wyndham's, katika mtaa wa majumba makubwa ya michezo, mwaka ule ule. Tarehe 19 Oktoba 1987 masoko ya dunia yalianguka. Lakini hilo lilikuwa funzo la soko lenyewe, si la mchezo.

Mbona ikawa hivyo? Wengine hujibu ya kwamba watu hupenda kujiona, hata wakionyeshwa wabaya. Jibu hili ni kweli lakini ni fupi. Sisi twadhani sababu imo katika namna ya kuutunga. Lugha yetu ina neno dogo ati. Nikisema, "Bwana huyu ni hodari," nimemsifu; nikisema, "Bwana huyu ati ni hodari," nimejitenga naye kwa silabi mbili, na asikiaye atabasamu. Mwili hauna ati. Mchezaji ajifunzaye kwa majuma kuinua mkono kama muuzaji, kwa wepesi ule ule na furaha ile ile, hawezi kuutia mkono alama ya kuonyesha kwamba yeye mwenyewe hakubali. Kadiri aigizavyo vizuri, ndivyo azidivyo kuipa kazi ile heshima ya jasho lake. Na watu kumi wakifanya hivyo kwa pigo moja, mtazamaji hutiwa furaha kabla hajapata nafasi ya kufikiri ni furaha ya nini. Maneno ya Bibi Churchill yalihukumu. Miili ya wachezaji ilisherehekea. Na mwili ni mwepesi kuaminiwa.

Swali hili si geni kwa wanaozijua ngoma za pwani yetu. Tangu miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa walicheza Beni, wakiwa na sare, safu za kiaskari, na vyeo vya kizungu kutoka mfalme hata daktari, na vyama vyao viwili, Marini na Arinoti, vikashindana hata bara. Wengi wa watu wa misheni wa siku zile waliichukia ngoma hiyo, wakiona ndani yake uigaji mtupu. Maafisa wengine waliogopa kuwa ni dhihaka au njama. Bwana Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha ya kwamba mizizi yake ilikuwa katika mashindano ya kale ya mitaa ya pwani, wala si katika kuwatazama Wazungu tu. Sisi twaongeza hili moja: waliogombana kama ni sifa au dhihaka walikuwa wakitafuta ati mahali ambapo haipatikani kwa urahisi, yaani katika hatua za miguu. Katika Beni maneno ya nyimbo ndiyo yaliyoweza kuchoma. Gwaride lilikuwa gwaride.

Kuna na jambo la pili, gumu zaidi, nalo lahusu mazoezi yenyewe. Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Winslow Taylor alitoa kitabu juu ya kuiongoza kazi kwa kuipima, na humo asimulia juu ya mchukuzi wa vipande vya chuma ambaye, kwa kuambiwa wakati wa kuinua, wakati wa kutembea na wakati wa kupumzika, alitoka tani 12 na nusu kwa siku akafika tani 47 na nusu, na mshahara wake ukapanda kutoka dola 1.15 hata dola 1.85. (Atakaye na afanye hesabu, aone ni nani aliyepata faida.) Miaka kumi na mmoja baadaye, Moscow, Bwana Vsevolod Meyerhold alitangaza mazoezi yake ya mwili kwa wachezaji, akimtaja Taylor huyo huyo: mchezaji asiwe na tendo la bure, awe na mdundo, ajue kitovu cha uzito wake, asimame imara. Mengi yafanywayo leo na makundi ya ujima, hata na watu wasiomjua Meyerhold, ni jamaa ya mazoezi hayo. Maana yake ni hii: kiwanda na kundi la wachezaji vilisoma kwa mwalimu mmoja. Tukiwaagiza vijana wapige hatua pamoja, wapumue pamoja, wasikiane bila maneno, wamwache kila mtu nafsi yake mlangoni, twawafundisha yale yale ambayo kampuni yataka kuwafundisha, na kampuni nyingi zaelewa hivyo, maana huwaajiri watu wa michezo waje kuwazoeza makarani wao. Kundi lililofungamana vizuri kabisa ni picha nzuri kabisa ya kampuni. Basi litaihukumuje?

Mfano mmoja wa kale waonyesha njia. Mwaka 1928 Bibi Sophie Treadwell alionyesha New York mchezo uitwao Machinal. Sehemu ya kwanza ni afisi: karani wa hesabu, karani wa mafaili, mpiga taipu na mpokea simu, wote wasema kwa vipande vifupi vya maneno vinavyogongana kama mashine zao. Kundi lingeweza kuifanya sehemu hii kuwa ngoma ya kupendeza. Lakini katikati ya mdundo kuna nafasi tupu: Mwanamke Kijana hajafika. Afikapo amechelewa, kwa sababu katika treni ya chini ya ardhi watu walimbana akashindwa kupumua, ikambidi ashuke apate hewa. Baadaye mkubwa wa afisi aweka mkono begani pake, naye ashtuka na kujikunyata. Hayo mawili tu, pumzi na bega, yatosha kutuambia afisi ile ni ya namna gani. Hapo ndipo mwili ulipopata ati yake: mwili mmoja usioweza kuufuata mdundo, huku yote mingine ikiufuata sawasawa. Wala haimpasi mchezaji wake ajitie kiburi cha kuasi. Mwanamke huyu angependa sana kuufuata kama angeweza.

Mtunzi wa siku zetu, Bibi Lucy Prebble, alikwenda njia nyingine katika Enron, uliosimamiwa na Bwana Rupert Goold na kuonyeshwa kwanza Chichester mwaka 2009. Kampuni hiyo ya Marekani ilifilisika tarehe 2 Desemba 2001, baada ya kuyaficha madeni yake ndani ya makampuni ya kivuli, baadhi yakiitwa kwa jina la Raptor. Ni taabu gani kuonyesha deni lililofichwa! Daftari halichezi. Waliotunga mchezo walilichukua jina kama lilivyo: wachezaji walivaa vichwa vya mijusi wakubwa wa kale, wakakaa chini ya afisi ya mhasibu Fastow, wakilishwa madeni. Wakurugenzi wa bodi walitokea kama panya vipofu. Nyumba ya Lehman Brothers ilikuwa watu wawili ndani ya koti moja. Wakaguzi wa hesabu walikuwa mtu mwenye mwanasesere asemaye kwa sauti yake. Katika mambo haya akili ni nyingi, na mtu asiyejua hesabu huelewa upesi. Lakini tukisoma mchezo huu twahisi upungufu. Mnyama ni wa kutisha, naam, ila ametoka nje ya watu. Mtazamaji aweza kurudi nyumbani akidhani kwamba kosa lilikuwa na mkia. Maelfu waliopoteza kazi na akiba zao za uzeeni hawana mwili jukwaani ulio na nguvu kama wa mijusi wale. Twausifu mchezo huu kwa ustadi, twauweka chini ya Machinal kwa ukweli.

Sasa tusimulie yetu, maana asiyekiri kosa lake hana haki ya kupima la wenziwe. Wakati mmoja tulikuwa na wanafunzi kumi na watatu wa chuo cha ualimu, nasi tulitaka watunge mchezo juu ya kampuni. Tulianza kwa zoezi la Bwana Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake Paris mwaka 1956: kuifikiri sakafu kuwa sinia lililowekwa juu ya kinu, hata mmoja akipiga hatua kuingia, mwingine hana budi kusogea, sinia lisipinduke. Katika majuma mawili walikuwa hodari. Kisha wakatunga mkutano wa asubuhi wa wauzaji: kupiga makofi, kutaja kiasi cha mauzo ya jana, kuitikia maneno ya kampuni, kuruka, kutawanyika. Ilikuwa sahihi kama saa. Tuliwaalika watu waje waone kazi ikiwa nusu, na bwana mmoja mwenye cheo katika kampuni fulani akafurahi hata akatuuliza kama vijana wetu wangeweza kuja kuonyesha kipande kile katika sherehe ya wafanyakazi wake. Wachezaji walijiona wamefaulu. Sisi tulirudi nyumbani tumenyamaza.

Kesho yake binti mmoja, aliyekuwa kimya siku zote, alisema, "Naomba niseme, Mwalimu."

"Sema, binti."

"Twacheza vizuri, lakini hakuna hata mmoja wetu aendaye msalani."

Wenziwe walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amefanya kazi mwaka mmoja mahali pa kujibu simu za wateja, na huko, alisema, kwenda msalani kulikuwa na dakika zake. Mtu aliinua mkono, akangoja msimamizi amtazame, na simu iliyokuwa ikiita ilihesabiwa juu yake. Tulimwomba atuonyeshe. Aliketi, akasema na mteja asiyekuwapo kwa sauti tamu sana, na huku mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu ukakaa juu. Sauti haikubadilika. Mkono ulikaa. Hatukuwa tumepata katika majuma yote mawili kitu cha kweli kama kile, wala tusingalikipata kwa zoezi lolote tulilolijua, kwa kuwa hatukuwa tumemwuliza mtu swali lolote juu ya mwili wake mwenyewe. Tuliwauliza tu juu ya miili ya wengine.

Tuliuvunja mchezo tukauanza upya kutoka mkono ule. Mkutano wa asubuhi tuliuacha mzima, pamoja na makofi yake na furaha yake, maana furaha ile ni kweli nayo, na mtu aikataaye hataelewa kwa nini watu hukaa katika kazi hizo. Lakini ndani yake binti aliketi na mkono wake juu. Hakutazama kwa huzuni, hakutikisa kichwa. Tulimkataza kabisa kuonyesha ya kwamba anaonewa. Wenziwe nao tuliwakataza wasimwone. Makasisi na walimu waliokuja usiku wa kwanza walikaa kimya kuliko tulivyotazamia, na mmoja wao alituambia baadaye, kwa uchungu kidogo, kwamba ameuona mkono ule kila siku ya kazi kwa miaka thelathini, naye hakudhani ni wa kampuni.

Usiku wa pili mwalimu mmoja mzee alikuwa ameketi safu ya mbele. Mkono ulipanda kama kawaida, ukakaa. Makofi yaliendelea. Ghafula mzee, bila kufikiri na kwa sauti ya darasani, akasema, "Haya, nenda." Binti alimtazama, akasimama, akatoka jukwaani. Wenziwe kumi na wawili waliendelea kupiga makofi; lakini sinia lilikuwa limekwisha kuinama upande mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyefundishwa asimame wapi.